Jina la Kilele Namba Saba

Aya ile niliiandika mezani kwa shangazi yangu, katikati ya vitambaa vilivyokatwa na makopo ya vifungo, na haikunichukua muda zaidi ya ule wa kuchemsha chai. Baadaye watu wengi, wakiwemo walionitakia mema, walisema kwamba kosa langu lilitokana na uchovu wa kazi nyingi. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na furaha.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nikisoma jiografia, na utafiti wangu wa kumalizia shahada ulihusu safu ya milima ambayo ni watu wachache tu wanaoipanda. Safu hiyo ina vilele tisa. Vinane vina majina. Kimoja, kilicho mbali kuliko vyote, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka pale barabara inapoishia, ramani ilikiita Kilele Namba Saba na haikuongeza neno. Idara ya ramani ilikuwa imeunda kamati ya majina, na kamati hiyo ilimtaka mwanafunzi mmoja akakae na wapagazi wanaowabebea wapandaji mizigo, akusanye njia zote za kilele hicho, saa zinazotumika, mahali penye maji, mahali pa hatari na, ikiwezekana, jina. Matokeo yangechapwa kuwa kijitabu cha mwongozo. Nilipochaguliwa mimi, nilimwambia shangazi kwamba mlima mkubwa namna ile kuitwa kwa namba, kama chumba cha hospitali, ni aibu yetu sote.

Shangazi ni fundi cherehani, na ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Alitoa pini mdomoni, akaniuliza, "Huo mlima wenyewe umelalamika?"

Nilicheka. Nilidhani anatania tu, kama kawaida yake.

Chini ya kilele kuna kibanda cha mawe chenye paa la bati, mahali njia tatu zinapogawanyika. Njia ya kusini ni ndefu, hupita kwenye majimaji, na haina baya lolote isipokuwa kuchosha. Ya kaskazini hupanda ukuta wa mwamba, na bila kamba hufiki popote. Ya magharibi ndiyo fupi na ndiyo mbaya: hufuata kigongo chembamba mpaka kwenye upenyo wa mawe ambao wapagazi wanauita Dirishani, na hapo upepo hupita kwa nguvu kiasi kwamba mtu hulazimika kutambaa. Haya yote nayajua kwa kusimuliwa. Mimi nilifika kibandani nikitapika, na kwa siku sita nilizokaa pale sikupanda hata hatua mia moja zaidi.

Aliyenipokea ni mtunza kibanda, mtu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa waya. Alinifungua kamba za viatu kama mtoto, akanipa maji ya moto yenye chumvi kidogo, akasema, "Usione haya, mwanangu. Urefu huu hauangalii elimu." Jioni ile alitoa blanketi la kijivu kitandani kwake akanifunika. Asubuhi yake ndipo nilipogundua kwamba yeye alikuwa amelala kwenye magunia.

Wapagazi walimwita Mzee, nami nikamwita hivyo hivyo. Mkuu wao alikuwa Breki, aliyepewa jina hilo kwa sababu husimama kila baada ya hatua hamsini ili wenzake wasikimbilie pumzi wasiyo nayo. Aliyezungumza kuliko wote walimwita Redio, na sidhani kama nahitaji kueleza kwa nini.

Siku ya tatu mchana tulikuwa tumekaa karibu na jiko, wao wakikausha kamba, mimi nikiandika.

"Dada Msomi," alisema Redio, "andika hivi: kutoka Dirishani mpaka Blanketi ni saa moja kama una mapafu, saa mbili kama una mdomo."

"Na wewe unatumia saa ngapi?" nikamuuliza.

"Huyo?" Breki alidakia. "Mdomo wake unatangulia, halafu sisi tunaleta mwili."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai yake. Nami nilicheka, kisha nikauliza Blanketi ni wapi.

"Si ndiko kileleni," Redio alisema. "Hiyo Namba Saba yenu."

"Kwa nini mnakiita Blanketi?"

Kicheko kiliendelea, lakini kilikuwa kimeshuka sauti. Redio aliwatazama wenzake mmoja mmoja. "Kaiulize baridi, dada. Baridi ndiyo inayojua blanketi ni la nani."

"Redio," Breki alisema taratibu. "Zima."

Mlango ulisukumwa, na mtunza kibanda akaingia na mzigo wa kuni. Redio hakuvuta hata pumzi. "Kwa hiyo, dada, kama nilivyokuwa nakwambia, kule juu hakuna maji. Ukitaka kwenda kule juu, beba yako kabisa kutoka hapa."

Niliona. Siwezi kujitetea kwamba sikuona. Niliandika katika daftari, nikapiga mstari chini yake: *Mbele ya mtunza kibanda hawalitaji jina. Husema "kule juu". Ni heshima kwa mlima?* Mwishoni mwa sentensi niliweka alama ya kuuliza. Nilipokuja kuichapa sentensi hiyo kwenye kompyuta, alama ile haikuwepo tena.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje kupiga mswaki, nikakitazama kilele. Wingu jeupe lilikuwa limekilalia mabegani, likining'inia pande zote mbili, na jua lilikuwa limeanza kulipaka rangi kwa juu. Nikasema moyoni: nimelipata. Nilikuwa na siku mbili zaidi za kukaa pale, na sikuuliza tena.

Fomu ya kamati ina sehemu saba. Sehemu ya nne inasema: *Asili na maana ya jina, na nani ameieleza.* Hapo ndipo nilipoandika, mezani kwa shangazi:

*Kwa mujibu wa wazee wa eneo hili, kilele kinaitwa Blanketi kwa sababu kila asubuhi wingu hukifunika mabegani, kama mama amfunikavyo mwanawe. Jina hilo halitajwi ovyo. Ni kumbukumbu ya upendo wa mlima kwa kila anayeupanda.*

Hakuna mzee aliyeniambia hayo. Hakuna mtu yeyote aliyeniambia hayo. Niliisoma aya ile kwa sauti, nikaipenda, na kwa kuwa niliipenda nikaiona kuwa kweli. Katika orodha ya watu waliohojiwa niliwaandika Breki, Redio na wapagazi wengine sita. Mtunza kibanda sikumwandika. Nilijua kwamba zamani alikuwa mpagazi na kwamba sasa hapandi, basi machoni pangu akawa mtu wa masufuria na kuni.

Kamati ilikutana ghorofa ya pili ya idara, katika chumba chenye makabati mapana ya ramani na harufu ya gundi. Mjumbe mmoja, mwenye tai fupi, aliinua fomu yangu kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. "Blanketi? Hili si jina la mlima. Hili ni jina la dukani."

Nilisimama. Nilisema kwamba watu wanaobeba mizigo ya wenzao mgongoni wana haki ya kupaita mahali wanapotoa jasho, na kwa maneno wanayotumia leo, si kwa maneno ambayo sisi tungependa wawe nayo. Nilizungumza vizuri. Hata mwenye tai fupi alitikisa kichwa kukubali.

Katibu wa kamati, mama mwenye kalamu nyekundu, alisubiri mpaka nilipokaa. "Wazee hawa ni akina nani, binti?"

"Wapagazi wa muda mrefu, mama."

"Uliwauliza maana ya jina?"

"Niliwauliza."

Na kweli niliwauliza. Kwamba hawakunijibu, hilo sikulisema. Kalamu nyekundu ilisita juu ya karatasi, kisha ikapiga alama ya kupitisha.

Vijitabu elfu mbili vilichapwa. Kibao cha bati kilitengenezwa ili kipigiliwe mlangoni pa kibanda: KILELE CHA BLANKETI kwa herufi kubwa, chini yake njia tatu na saa zake, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, aya yangu. Shangazi alinishonea gauni la buluu la kuvaa siku ya kupokea shahada, kwa sababu msimamizi wangu alikuwa amesema kwamba utafiti wangu ungepata alama ya juu kuliko wote. Nikaomba ruhusa nikipeleke kibao mwenyewe.

Breki na Redio walikipokezana mgongoni, kikiwa kimefungwa kwa gunia. Siku ya pili, tulipopita kando ya kijito, Breki aliniambia kona ya kile kitu inamkata bega, afungue gunia akigeuze. Nilifurahi. Nilitaka wakione kabla ya wengine.

Alikisoma amesimama. Kisha akakaa chini, ingawa hatua hamsini zilikuwa hazijatimia.

"Nani kaandika hivi?"

"Kamati imepitisha," nilisema, na hata sasa naisikia fahari iliyokuwa katika sauti yangu. "Ni jina lenu, Breki. Sasa liko kwenye ramani."

"Dada, ulimuuliza nani?"

"Nyinyi."

"Sisi tulikutajia jina. Nani alikwambia uliandike?"

Redio aliinama akaanza kufungua kamba ya kiatu chake, akaifunga, akaifungua tena. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona amenyamaza pasipo kunyamazishwa.

Breki alinieleza bila kunitazama. Miaka ishirini na miwili iliyopita, mtunza kibanda alikuwa mpagazi, yeye na mdogo wake. Wapima ardhi waliwatuma wawili hao wapeleke saruji kileleni kwa ajili ya nguzo ya vipimo. Karibu na Dirishani mdogo akateleza, akavunjika mguu, na ukungu ukafunga. Walikuwa na blanketi moja. Kaka akashuka kutafuta watu. Waliporudi na machela kesho yake, mdogo alikuwa amekufa kwa baridi.

"Kazi yetu ina sheria moja," Breki alisema. "Wawili wakipanda na mmoja akaumia, anayeshuka anashuka na nguo za mwilini tu. Vingine vyote vinabaki na aliyeumia. Vyote. Sasa Mzee alipoingia kibandani siku ile, blanketi lilikuwa mabegani kwake."

Kijito kilikuwa kikipita.

"Hatukumfukuza. Hatukumwambia kitu. Ila tukaanza kusema Blanketi, sisi kwa sisi. Tulikuwa vijana, tulikuwa na hasira. Hasira ikaisha, jina likabaki mdomoni kama tumbaku."

"Yeye hajui?"

"Hajalisikia hata siku moja. Mtu akilewa, akiwa na homa, hata huyu bwana hapa, Mzee akiingia tu, jina linamezwa."

"Basi tukirudishe kibao," nilisema. "Tukirudishe sasa hivi. Nitaiambia kamati kuna hitilafu."

Breki aliniangalia kwa mara ya kwanza. "Kibao tutakirudisha. Na vile vitabu nilivyobeba juma lililopita? Boksi zima, limefungwa, pamoja na unga. Nilimwekea mezani mwenyewe, nikamwambia, Mzee, hii ni kazi ya yule binti yako."

Saa nne zilizobaki za safari nilizitembea nikitunga maneno. Nilitunga msamaha mmoja mrefu, wenye utangulizi. Nilitunga mwingine, ambamo nilieleza nia yangu. Kila nilipofika mahali pa kutaja kosa lenyewe, nilikuta nimezunguka, kama njia ya kusini inavyoyazunguka majimaji.

Tulipofika, Breki na Redio walipata ghafla kazi nyingi nje. Niliingia peke yangu. Vijitabu vilikuwa mezani, vimepangwa kwa unadhifu, na kimoja kimefunguliwa na kulazwa kifudifudi. Mtunza kibanda alikuwa amevaa miwani yake. Alinimiminia chai, akasubiri ninywe nusu.

"Nisomee ukurasa wa tisa," alisema.

"Mzee, naomba kwanza nikuambie..."

"Nisomee, mwanangu."

"Umeshausoma."

"Mara nne. Kimoyomoyo. Sasa nataka kuusikia kwa sauti ya mwenyewe."

Nilisoma. Nimewahi kusoma mbele ya ukumbi wa watu mia tatu na sauti yangu haikutetemeka. Nilipofika kwenye "kwa mujibu wa wazee" nilijikwaa, na nilipofika kwenye "kama mama amfunikavyo mwanawe" nilinyamaza.

"Endelea."

Niliendelea mpaka nukta ya mwisho. Alivua miwani, akaupangusa waya kwa kidole gumba kana kwamba ndio ulioingia vumbi.

"Mzee yupi alikwambia hayo?"

"Hakuna."

"Hakuna," alirudia, bila hasira, kama mtu anayehakiki idadi ya mizigo. "Mimi nilipoliona tu hilo jina, nilijua. Halikunichukua muda. Nilirudi nyuma nikakumbuka kila siku niliyoingia mlangoni hapa na watu wakakatisha maneno. Nilifikiri wananisengenya kwa uvivu wangu wa kutopanda." Alitabasamu kidogo, na tabasamu lile liliniuma kuliko kama angenipiga. "Kumbe wenzangu walikuwa na adabu. Miaka ishirini na miwili wamenifichia. Wewe umekuja siku sita."

Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya mawe. Aliniambia niinuke, sakafu ni ya baridi.

"Nitaandika barua kwa kamati," nilisema, nikiwa tayari nalia. "Leo hii. Nitawaambia jina hili linakudhalilisha, kwamba kuna mtu aliyepoteza ndugu yake, kwamba siwezi kukubali..."

"Usinitie mimi humo."

Nilifuta machozi.

"Umenitia kwenye karatasi mara moja bila kunijua. Sasa unataka kunitia mara ya pili kwa kunihurumia. Andika ulilofanya wewe. Halina haja ya kusaidiwa na langu."

Alinipa kalamu ya wapandaji, ile iliyofungwa kwa uzi kwenye daftari la wageni. Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili; aliisoma, akaniuliza, "Huyu mwenye nia njema ni nani?" akanirudishia. Ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja. Alipitisha kidole mpaka kwenye sentensi iliyosema kwamba nilipotoshwa na mazingira. "Mazingira ni sisi?" Nikaichana. Ya tatu ilikuwa na mistari minne. *Maana ya jina niliyoiandika katika sehemu ya nne niliitunga mwenyewe. Hakuna mzee aliyenieleza. Niliulizwa mbele ya kamati, nikajibu kwa namna ya kuficha. Naomba jina liondolewe.* Nikatia sahihi. Aliikunja mara mbili, akaniwekea kwenye mfuko wa koti langu kwa mkono wake, kama mtu anayempa mtoto nauli.

"Na kitakuwa na jina gani sasa?" nilimuuliza. Nilijuta kuuliza kabla sijamaliza kuuliza.

"Si kina lake? Namba Saba." Alisimama akachochea jiko. "Wapima walitupatia saruji na bamba la chuma lililochongwa saba. Saruji nilibeba mimi. Bamba alibeba yeye. Baada ya mazishi nililichukua, nikapanda nalo, nikalisimika. Ndiyo siku yangu ya mwisho kule juu. Lipo mpaka leo." Kisha akaongeza, mgongo ukiwa umenielekea, "Wewe umeandika kwenye ukurasa wa kwanza kwamba kuitwa kwa namba ni aibu."

Ndivyo nilivyoandika. Ilikuwa sentensi ya kwanza kabisa ya kijitabu.

Mlango ulifunguka nusu. Breki alisimama kizingitini ameishika kofia kwa mikono miwili. "Mzee," alianza. "Lile jina, sisi..."

"Breki, kuni zimekwisha," alisema mtunza kibanda.

"Ndiyo, Mzee."

"Na yule mwenzako mwambie aingie, atagandia huko nje. Akiganda na mdomo wazi tutamfungaje?"

Nje nilimsikia Redio akicheka, kicheko kibovu kama cha mtu anayelia.

Kamati haikunifukuza chuo, kama nilivyokuwa nikitarajia na, kwa namna fulani, kutamani. Katibu aliisoma barua nikiwa nimesimama mbele yake, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari mmoja mrefu juu ya sehemu ya nne ya fomu. "Mimi nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara mbili." Hakuinua tena macho. Utafiti wangu ulikataliwa, na nikatakiwa kurudia mwaka. Wenzangu walivaa majoho mimi nikiwa kwenye stoo ya idara, kwa sababu iliamuliwa kwamba vijitabu visitupwe bali vibandikwe karatasi nyeupe juu ya jina na juu ya aya, na kwamba nivibandike mimi. Elfu mbili, kasoro vile vya kibandani. Mtunza stoo, mtu wa maneno machache, alikuja siku ya nne, akachukua kimoja nilichokwisha kubandika na kukiinua dirishani.

"Mbona bado inasomeka?"

Nilitazama. Nuru ilipita kwenye karatasi, na maneno yangu yalikuwa pale yote, yamefifia kidogo tu. Nilianza upya, karatasi mbili mbili.

Shangazi hakunikemea. Alilichukua gauni la buluu, akaliangalia kwa muda, akalikunja. "Nitalikatia mapazia," alisema. "Ukirudia vizuri, nitayashusha nikushonee tena." Kisha akanikalisha kwenye kiti cha wateja na kunitaka nimweleze yote tangu mwanzo, na kila nilipoanza na neno "lakini" aligonga meza kwa mkasi.

Mwaka uliofuata nilipanda kwa mara ya tatu, nikiwa na boksi la vijitabu vilivyosahihishwa mgongoni mwangu. Sikuwa nimetumwa. Nilitapika njiani kama kawaida. Mlangoni pa kibanda hapakuwa na kibao, nami nikafikiri walikitupa bondeni, mpaka nilipokwenda kunawa: kilikuwa juu ya pipa la maji, kifuniko kizuri, maandishi yakiwa yamegeuzwa chini. Nilikiinua. Herufi zilikuwa zimeanza kushika kutu. Nikachota maji, nikakirudisha taratibu.

Ndani niliwasikia wapagazi wakiongea kwa kelele, Redio akiwa juu ya wote. Nilisukuma mlango. Maneno yalikatika.

"Karibu, dada," Breki alisema. "Tulikuwa tunasema, kule juu leo kuna upepo."

"Kule juu, ndiyo," Redio alidakia haraka. "Upepo mwingi sana kule juu."

Niliketi. Nilijua nimeketi mahali gani, na ni nani aliyepakalia kabla yangu kwa miaka ishirini na miwili. Mtunza kibanda alinimiminia chai, naye akakaa mkabala nami, na wapagazi wakatoka mmoja mmoja bila kuambiwa.

"Mzee," nilisema, "mwaka jana sikukuuliza. Naomba kukuuliza sasa. Kama hutaki, usinijibu."

"Uliza."

"Lile blanketi. Ilikuwaje?"

Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Nilidhani hatasema, na nilikuwa tayari kuondoka bila jibu.

"Alinivisha yeye," alisema. "Alisema, wewe unakwenda kwenye upepo, mimi niko nyuma ya jiwe. Nikalivua nikamfunika. Akanivisha tena. Nikalivua. Mara ya tatu aliponivisha, sikulivua." Alikunywa chai. "Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kama wangeuliza, ningewaambia hivyo hivyo. Mara ya tatu sikulivua."

Nje mtu alikuwa akipasua kuni. Nilimwambia kwamba ningependa kuyaandika haya siku moja, yote, na kwamba akikataa sitaandika hata neno. Hakujibu siku ile wala iliyofuata. Siku ya tatu, nilipokuwa nikifunga viatu vya safari, alikuja akasimama mbele yangu, miwani yake yenye waya ikiwa puani.

"Andika," alisema. "Hata lile la mara ya tatu. Ila anza na lako."